Nimesimamia mirathi ya baba tangu 2017, leo mdogo wangu ananipeleka mahakamani

Assalaam aleikum wakili,

Mimi ni mtu mzima wa miaka 43, mkazi wa Tanga, nina mke na watoto wanne. Naandika nikiwa na hasira, kwa hiyo uniwie radhi maneno yakiwa makali.

Baba yetu alifariki mwishoni mwa 2016. Aliacha mke mmoja, mama mdogo (mama yangu mzazi walishaachana zamani), na watoto watatu: mimi, na wadogo zangu wawili wa huyo mama mdogo. Wa kike alikuwa darasa la tano, wa kiume hajaanza hata chekechea. Baada ya arobaini ukoo ulikaa, wazee wakasema kwa kauli moja kwamba mkubwa ni mimi, mali niishike mimi. Muhtasari ukaandikwa, nikaenda nao Mahakama ya Mwanzo, tangazo likabandikwa, hakuna aliyepinga, na 2017 nikapewa barua ya usimamizi wa mirathi.

Mali zenyewe ni nyumba ya Ngamiani, ambayo vyumba sita vimepangishwa kwa 35,000 kila kimoja kwa mwezi, gari aina ya Canter, na kiwanja kimoja Pongwe. Mama mdogo na watoto wanakaa kwenye vyumba vilivyobaki na sijawahi kuwadai kodi hata senti.

Kodi nakusanya mimi, inaingia kwenye simu yangu pamoja na hela za duka langu. Ada za binti nimelipa mimi. Paa lilipovuja nimeezeka mimi. Huyu mdogo wa kiume alipolazwa, bili nililipa mimi. Canter niliiuza 2019 kwa milioni 14 kwa sababu ilikuwa inakula spea kuliko inavyoingiza. Hela ile sikuila. Niliiingiza kwenye machungwa ya Muheza, nanunua shambani napeleka Nairobi. Msimu wa kwanza ulilipa vizuri, faida nikamalizia sakafu na madirisha ya nyumba yangu. Msimu wa pili ndio ule wa 2020 wakati wa korona, malori yakakaa foleni mpakani, mzigo ukaoza, mtaji ukaisha. Nani alijua? Kiwanja cha Pongwe nilimuuzia shemeji yangu, kaka wa mke wangu, kwa milioni 4, bei ya kifamilia, na fedha nikaongezea duka ambalo ndilo linalotulisha sote.

Sasa yule binti yuko chuo, anasoma uhasibu. Juzi juzi akaniambia anataka kuona mahesabu ya mirathi. Nikamjibu kwamba mtoto hamuulizi kaka yake hesabu. Akanyamaza, kumbe ameenda mahakamani. Nimeletewa wito nifike na Fomu Na. V na Fomu Na. VI, na ameomba niondolewe na nilipe vyote vilivyopotea. Mama mdogo hasemi kitu lakini najua yuko nyuma yake. Wazee wa ukoo wako upande wangu, wanasema wao ndio walionichagua na wao ndio wa kuniondoa.

Wakili, mahakama inaweza kunilipisha kwa mfuko wangu hela ambayo sikuiiba? Miaka yote hii sijalipwa hata shilingi kwa usumbufu. Na je, si bora nijiuzulu tu yaishe?

Kaka mkubwa, Tanga

JIBU

Waaleikum salaam, kaka mkubwa.

Ndiyo, inaweza. Msimamizi wa mirathi anayetumia mali ya marehemu kinyume na kazi aliyopewa, au anayeisababishia hasara kwa uzembe, hulipa pengo hilo kwa mali yake mwenyewe. Wizi si sharti. Barua yako yote umejitetea dhidi ya kosa la wizi, wakati wito haukuambii kuwa umeiba. Unakuambia ulete hesabu, na hesabu ndicho kitu kimoja ambacho hukukigusa kabisa.

Niwaondoe kwanza wazee wa ukoo, maana naona umewaegemea sana. Kikao cha ukoo kinapendekeza jina, basi. Aliyekuteua ni hakimu, na mwenye uwezo wa kukuondoa ni mahakama. Mzee anayekuambia "sisi ndio tuliokuchagua" hatasimama pamoja nawe siku utakapoambiwa urudishe milioni 9. Kama mahakama ilikutaka usaini dhamana na watu wawili wa kukudhamini, hao ndio wa kuwafikiria usiku, kwa sababu wao walitia saini kwamba utasimamia kwa uaminifu na wanaweza kuguswa ukishindwa.

Kuhusu hizo fomu. Kanuni za usimamizi wa mirathi katika Mahakama za Mwanzo, zilizotangazwa kwa Tangazo la Serikali Na. 49 la 1971, zinamtaka msimamizi apeleke Fomu Na. V ndani ya miezi minne tangu ateuliwe. Ndani yake anaorodhesha mali zote na madeni yote ya marehemu. Kisha, kwa vipindi ambavyo mahakama itapanga, anapeleka Fomu Na. VI: kilichoingia, kilichotoka, kilichouzwa na kilichokabidhiwa. Muda ukiwa hautoshi unaomba uongezewe. (Wenye mirathi zilizofunguliwa Mahakama ya Wilaya au Mahakama Kuu chini ya Sheria ya Usimamizi wa Mirathi, Sura ya 352, wao wana miezi sita ya orodha na mwaka mmoja wa hesabu.) Wewe miezi yako minne iliisha kabla binti hajamaliza shule ya msingi. Kwa kanuni hizohizo, mrithi yeyote anaweza kuomba uteuzi utenguliwe kama msimamizi anakwenda kinyume na masharti ya uteuzi wake, au anafanya mambo, kwa makusudi au kwa uzembe, yanayoumiza warithi. Mdogo wako amepita mlango ambao sheria imeuacha wazi kwa ajili yake. Ukisimama mbele ya hakimu na kuanza na adabu za mtoto kwa kaka, utakuwa umemsaidia yeye kesi. Hakumuuliza kaka yake hesabu, alimuuliza msimamizi wa mirathi ya baba yake.

Sasa machungwa. Kazi ya msimamizi inasemeka kwa pumzi moja: kukusanya mali ya marehemu, kulipa gharama za mazishi na madeni, na kinachobaki kuwagawia wenye haki. Kufanya biashara hakumo. Kuuza Canter iliyochakaa sina ugomvi nako, huenda hata ilikuwa busara, kwa sababu gari linaloharibika kila wiki linakula mirathi. Kosa lilianza pale milioni 14 zilipofika mkononi na badala ya kugawanywa zikapanda lori kwenda Nairobi, bila ruhusa ya mahakama na bila idhini ya warithi. Kuanzia hapo, kila kilichotokea njiani ni chako. Korona si utetezi. Mahakama haikuulizi kama uliijua korona, inakuuliza ni nani aliyekuruhusu kuiweka fedha ya mayatima mahali ambapo foleni ya mpakani inaweza kuiozesha.

Na kuna hili, ambalo uliliandika mwenyewe kwa mkono wako bila kuliona. Msimu wa kwanza ulipolipa, faida ikawa madirisha ya nyumba yako. Msimu wa pili ulipoanguka, hasara ikawa ya mirathi. Sheria inageuza kabisa mpango huo: faida iliyotokana na mali ya mirathi ni ya warithi wote, na hasara ni ya aliyeihatarisha. Utaona ni uonevu. Mimi sioni hivyo, kwa sababu bila kanuni hiyo kila msimamizi angecheza kamari na mali ya wengine, akipata ni bahati yake, akikosa ni mipango ya Mungu.

Kiwanja cha Pongwe ni kibaya zaidi kuliko unavyodhani. Msimamizi haruhusiwi kujiuzia mali ya mirathi, wala kuipitisha kwa mtu wake wa karibu ili irudi nyumbani kwa mlango wa nyuma. Mauzo ya namna hiyo mrithi yeyote anaweza kuomba yatenguliwe, hata kama bei haikuwa mbaya. Yako bei ilikuwa "ya kifamilia", na familia iliyopata nafuu ni ya mkeo. Hapo swali la kwanza la hakimu litakuwa kiwanja cha ukubwa ule Pongwe kilikuwa kinauzwa shilingi ngapi mwaka ule, na jirani yeyote au mwenyekiti wa mtaa anaweza kulijibu. Tofauti ya bei ni deni lako, au shemeji arudishe kiwanja na wewe umrudishie fedha zake. Kisha fedha yenyewe ukaiingiza dukani kwako. Duka lina jina la nani kwenye leseni?

Tuje kwenye kodi, ambako nadhani hujawahi kukaa na kalamu. Barua yako inanionyesha kuwa ninyi ni Waislamu, kwa hiyo nafuata mgawanyo wa Kiislamu. Mjane mwenye watoto wa marehemu anapata thumuni, yaani sehemu moja ya nane. Kinachobaki kinagawanywa kwa watoto, wa kiume akipata mara mbili ya wa kike. Ukivigawa vitu vyote mafungu 40, mama mdogo ana 5, binti ana 7, mdogo wa kiume ana 14, na wewe una 14. Vyumba sita kwa 35,000 ni shilingi 210,000 kwa mwezi, yaani 2,520,000 kwa mwaka kabla ya matengenezo. Katika hizo, zako ni 882,000. Za mama mdogo ni 315,000, za binti 441,000, na za mdogo wa kiume 882,000 kama zako. Kila mwaka, basi, 1,638,000 ulizokuwa unapokea kwenye simu yako zilikuwa za watu watatu wengine. Kwenye milioni 14 za Canter, zako zilikuwa 4,900,000 na zao 9,100,000. Ndizo zile milioni 9 nilizotaja juu.

Ukiyaona mafungu hayo utaelewa kwa nini nilitabasamu kidogo uliposema hujawahi kuwadai kodi mama mdogo na watoto. Kati ya mafungu 40 ya nyumba ile wao wana 26.

Ada za shule, bili ya hospitali na mabati ya paa ni mambo ambayo mahakama itayahesabu upande wako, na usiyadharau. Paa na matengenezo ni gharama halali za kutunza mali ya mirathi, zinakatwa kwenye kodi kabla ya kugawa. Mazishi na madeni ya marehemu, kama ulilipa wewe, vilevile. Ada na matibabu vinahesabiwa kama sehemu ya haki ya mtoto aliyetumiwa fedha hizo, ilimradi uonyeshe kwamba zilitumika kweli. Ila huwezi kuyasema mara mbili. Kama ada ililipwa kutoka kwenye kodi ya Ngamiani, basi binti alijisomesha kwa hela ya baba yake kupitia mkono wako, na hiyo ni kazi uliyopewa. Kama ulilipa kutoka faida halisi ya duka lako, hiyo ni hisani, na unaweza kuomba ihesabiwe. Tatizo lako ni kwamba hela zote zilikaa kwenye simu moja, na anayezichanganya ndiye anayebeba mzigo wa kuzitenganisha. Usipoweza kuonyesha ipi ni ipi, usitegemee hakimu akupe wewe faida ya mashaka.

Kuhusu malipo ya usumbufu wako: usimamizi hauna mshahara unaokuja wenyewe. Nauli za mahakamani, ada za fomu, fundi uliyemlipa, hivyo unarudishiwa ukiwa na ushahidi. Ila kujilipa kwa siri kwa sababu unaona umechoka ni kosa jipya juu ya lile la zamani. Mtu asiyetaka mzigo huu alikuwa na njia tangu mwanzo, kwa mfano kuiachia RITA, Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini, ambao kusimamia mirathi ni sehemu ya kazi zao.

Kujiuzulu hakutakuokoa. Msimamizi akiondoka, kwa hiari au kwa kuondolewa, hesabu ya kipindi chake inabaki kichwani mwake, na msimamizi mpya anaweza kumdai yeye kwa niaba ya mirathi. Tena kujiuzulu mkiwa katikati ya shauri kunafanana sana na kukimbia. Mahakama ya Rufani imeshasema kwamba mirathi ikishakamilika, orodha na hesabu zikawasilishwa na jalada kufungwa, hakuna tena uteuzi wa kutengua. Ulinzi huo ungekuwa wako siku nyingi kama ungefanya kazi ya miezi minne ile.

Kwa hiyo fanya hivi, na anza wiki hii. Nenda kwa kampuni ya simu uombe taarifa ya miamala tangu 2017 au kadiri wanavyoweza kurudi nyuma, na kama una akaunti ya benki fanya hivyohivyo. Zungukia wapangaji, wa sasa na wa zamani unaowajua, waandike walilipa kiasi gani na miezi gani. Shuleni na hospitali wana nakala za malipo, waombe. Fundi aliyeezeka paa yupo, muombe aandike. Usitengeneze hata risiti moja ya uongo. Kulipa fidia ni deni, lakini kupeleka mahakamani orodha au hesabu unayojua ni ya uongo kunakupeleka kwenye jinai, na mdogo wako anasoma uhasibu, ataona tarehe zilizoandikwa kwa kalamu moja.

Ukishapata picha, jaza Fomu Na. V na VI kwa ukweli mtupu, machungwa na madirisha yakiwemo. Siku ya wito usiende mikono mitupu kuomba huruma. Fika na hesabu, na pendekezo la kulipa. Una kitu cha kulipia: mafungu yako 14 katika nyumba ya Ngamiani na katika kodi zinazokuja. Mahakama inaweza kukata deni lako humo kabla hujagusa duka. Warithi wengi hukubali mpango wa namna hii ukiletwa mapema, kwa sababu wao pia hawataki kukaa kwenye mabenchi ya mahakama miaka mitatu.

Hapa kuna mtego ambao wazee wako wa ukoo watakuingiza kwa nia njema kabisa. Watawaita nyote, watasema yaishe, mama mdogo atalia, binti atatia saini kwamba amesamehe. Binti ni mtu mzima, akishaonyeshwa hesabu kamili anaweza kusamehe fungu lake. Mama mdogo pia. Mdogo wa kiume hawezi. Yuko chini ya miaka 18, hana sauti ya kusamehe, na hakuna mtu, hata mama yake, mwenye haki ya kulitoa fungu lake kama zawadi kwako. Sheria ya Mtoto ya 2009 inakataza mtoto kunyimwa haki ya kunufaika na mali ya mzazi wake. Makubaliano yoyote yapelekwe mbele ya hakimu yaandikwe kwenye jalada, na fungu la huyo mtoto lilipwe kikamilifu mahali litakapotunzwa kwa jina lake, si kwenye simu ya mtu. Vinginevyo siku akifikisha miaka 18 utaletewa wito mwingine.

Ukimya wa mama mdogo usiutafsiri kama njama, wala kama ridhaa. Mtu hawezi kuridhia asichoonyeshwa. Wewe ni Muislamu, huhitaji mimi nikusomee Surat An-Nisaa, lakini watu wengi wanakariri aya ya 10 ya moto tumboni kwa wanaodhulumu mali ya mayatima na kuiruka aya ya 6, ambayo inataka mayatima wakabidhiwe mali zao mbele ya mashahidi. Nenda Ngamiani kabla ya tarehe ya wito, ukae na mama mdogo na binti, uwaachie nakala ya hesabu hata kama haijakamilika, na mwache binti aulize atakavyo.

Shemeji naye mpigie leo. Mwambie kiwanja cha Pongwe kina mgogoro, asimwage msingi na asikiuze, kwa sababu kila tofali atakaloongeza sasa litakuwa ugomvi wa pili, na huo nao utakuja kukudai wewe.